Mwenyekiti Asiyetoa Damu

Wenzetu wakianzisha chama hukaa kikao kwanza, wakanywa chai, wakagombania vyeo. Huyu wetu alianzisha chama kwa uongo, tena ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya nne na ya chini. Usicheke bado. Kuna mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza, nitakuonyesha.

Alikuwa mwendesha lifti wa hospitali kuu. Lifti yenyewe ya zamani, mlango wa vyuma vya kukunja, mkono wa shaba unaousukuma kushoto kupanda na kulia kushuka. Kwa miaka kumi na tisa alikalia kigoda kimoja, magoti yamegusa ukuta, mpaka watu wakasahau jina lake. Madaktari, wafagiaji, wagonjwa, wote walimwita Lifti. Hata mkewe akimkasirikia alimwita hivyo hivyo. Kile kijumba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Dirisha hakuna, taa moja, na juu ya mlango kibao: Mwisho Watu 12.

Siku hiyo, ghorofa ya nne kwenye wodi ya watoto, aliingia mwanamke mwembamba, msusi, vidole vyake bado vinanukia mafuta ya nywele. Amembeba binti wa miaka mitano, midomo imegeuka rangi kama aliyekula zambarau. Ndiyo kwanza ametoka kuambiwa kwamba moyo wa mwanawe una tundu, na mshipa mmoja umebana, na dawa yake ni upasuaji tu. Wapasuaji wenyewe huja kutoka nje mara mbili kwa mwaka, wiki moja moja, na hawatozi kitu. Ila kila mtoto lazima aje na watu wake wa kumtolea damu, wasiopungua wanane.

"Wanane nawatoa wapi?" alimuuliza Lifti, utadhani Lifti ndiye aliyeweka sharti. "Mimi mgeni mji huu. Namjua mwenye nyumba wangu na wateja wangu, na mwenye nyumba nadhani hanipendi." Kisha akalia, kile kilio cha kimya kinachotikisa mabega.

Sasa Lifti alikuwa na udhaifu mmoja, hawezi kustahimili mtu anayelia ndani ya lifti. Barabarani unageuka, unajifanya hujaona. Kwenye lifti utageukia wapi?

"Usilie, mwanangu," alisema. "Kipo chama kinachosaidia watoto wa moyo. Kinatafuta watu wa kutoa damu."

"Chama! Kinaitwaje?"

Lifti akainua macho, akakiona kibao. "Kumi na Wawili," akasema. "Kila mtoto, watu kumi na wawili."

"Ofisi yao iko wapi?"

"Njoo kesho." Na mlango ukafunguka, akashukuru Mungu.

Alidhani yameisha. Kesho yake saa mbili asubuhi msusi yuko mlangoni pa lifti, na mtoto wake, na kina mama wengine wanne aliowakuta kwenye benchi la kliniki akawapasha habari njema. "Shikamoo mzee. Tumekuja kwa ajili ya chama." Lifti akawafungulia mlango wa vyuma. Akawapandisha mpaka ghorofa ya nne. Akawashusha. Akawapandisha tena, anatafuta neno la kusema halimjii, mpaka yule binti akauliza, "Babu, tunakwenda wapi?"

Kina mama wakacheka. Mtoto alikuwa na pumzi za kuhesabu, lakini kila aliyoipata aliitumia kusema. Ndipo Lifti akambatiza jina la Chiriku, na ndipo akajua kwamba amenasa.

Basi akakianzisha kweli, afanyeje? Siku hiyo hiyo, saa ya mapumziko, alishuka kwenye chumba cha damu, ghorofa ya pili, awe mtu wa kwanza kutoa. Yule dada wa damu, muuguzi mmoja mtaratibu, asiye na maneno mengi, alimchoma kidole, akaenda kupima, akarudi, akafunga mlango. Mtu wa hospitali akifunga mlango kabla ya kusema, jua kuna jambo.

"Mzee wangu, una homa ya ini, ile aina ya B. Usishtuke sana, wengi wanaishi nayo miaka na miaka. Utaanza kliniki tukuangalie. Lakini damu hutaweza kutoa, wala leo wala siku nyingine. Na mkeo umlete haraka. Ugonjwa huu unapita kwa damu na kwa ndoa. Tutampima, na kama hana tutampa chanjo, basi, amepona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada. Wiki ijayo."

Alipotoka, kina mama walikuwa wamesimama wanamsubiri. "Umetoa, mzee?"

"Nimetoa," akasema. Huo ukawa uongo wa pili, na huu ndio uliomla.

Unajiuliza kwa nini hakumwambia mkewe siku ile ile. Hata mimi nilijiuliza, nikamkasirikia. Lakini sikiliza. Miaka mingi nyuma, Lifti aliteleza. Mara moja, na mwanamke mmoja, na mkewe akajua. Mkewe ni fundi cherehani, hushona sare za shule, mtu wa kupima kitu kabla ya kukata. Hakupiga kelele. Alisema, "Nimekusamehe hii. Ya pili hutanikuta." Sasa Lifti atafungua vipi kinywa amwambie kuna ugonjwa unaopita kwa ndoa? Yeye mwenyewe hakujua aliutoa wapi. Huenda alizaliwa nao, dada wa damu alimwambia wengi huzaliwa nao. Huenda ni ule mtelezo. Nani atamthibitishia?

Akaamua kujitibu kwa akili yake. Akasingizia mgongo. "Mke wangu, kigoda kile kimenimaliza, kitanda laini siwezi." Akahamia kwenye kochi la sebuleni. Akatenga kikombe chake, wembe wake, kijiko chake, ingawa kwa kikombe na kijiko hauambukizi, hofu tu. Mkewe akamkanda mgongo kwa maji ya moto jioni baada ya jioni, mgongo mzima usio na kasoro, na yeye amelala kifudifudi anauma mto. Kila akisikia cherehani inanguruma chumba cha pili alipanga maneno. Cherehani ikinyamaza, maneno yanamezwa.

Na chama, jamani, kikakua! Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Lifti aligundua namna yake ya kufanya kazi. Lifti ile ilizoea kukwama yenyewe kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kila mtu anajua. Basi akiwa na watu wanono, wenye afya, aliuvuta mkono wa shaba kidogo, ikasimama. "Poleni ndugu zangu, imekwama. Dakika tano tu. Sasa wakati tunasubiri, naomba niwaambie kuhusu watoto wa moyo." Utakimbilia wapi? Aliwahi kuwakwamisha wachezaji wa mpira waliokuja kumtazama mwenzao aliyevunjika mguu, akatoka na kumi na mmoja. Akamkwamisha mganga mkuu mwenyewe. Mganga mkuu alijua kabisa kwamba anachezewa, lakini alitoa damu na akawapa chama kibali, na kabati moja chini ya ngazi liwe ofisi, na Lifti akaandikwa mwenyekiti.

Katika misimu miwili ya wale wapasuaji, watoto tisa walipasuliwa kwa damu ya Kumi na Wawili. Chiriku hakuwemo. Msimu wa kwanza damu yake ilitimia, lakini madaktari walimfungua kinywa kabla ya kumfungua kifua, wakakuta meno mawili mabovu. Jino bovu hupeleka vijidudu kwenye moyo uliopasuliwa, wakasema, akang'olewe kwanza. Msimu wa pili akaamka na homa. Miezi kumi na minane ilipita hivyo. Sasa hatua kumi zilimshinda. Aliingia kwenye lifti akachuchumaa sakafuni, magoti kifuani, kwa sababu ndivyo alivyojifunza mwenyewe kupata pumzi. Na daktari wa wodi alimwambia msusi waziwazi: msimu huu asipopasuliwa, asitegemee kumfikisha msimu ujao.

Kila Lifti alipopita ghorofa ya pili, dada wa damu alimuuliza, "Mzee, mkeo lini?"

"Wiki ijayo."

Siku moja dada akamjibu, "Mimi mdomo wangu umefungwa na kazi yangu. Wako umefungwa na nini?" Lifti akafunga mlango wa vyuma, akapanda ghorofa ya nne ambako hakuna aliyemwita.

Wapasuaji wakaja. Chiriku safari hii meno safi, homa hana, amewekwa wa kwanza, kesho asubuhi. Damu itolewe leo. Lifti alikuwa ameongea na wapagazi wa soko, na kiongozi wao, jitu la miraba minne wanaloliita Jenerali, aliahidi kuleta watu. Saa nne wakafika, kumi kwa hesabu, mabega kama milango. Lifti akawapandisha hadi ghorofa ya pili. Lifti yenyewe ililalamika njia nzima.

Chumba cha damu kina vitanda viwili, kiti kimoja chenye mkono mpana, jokofu na benchi. Msusi alikuwa amempakata mwanawe kwenye benchi. Dada wa damu akatoa sindano, ile nene ya kutolea damu, akaiweka kwenye sinia.

Wapagazi wakaiona. Watu wanaobeba magunia mawili kwa mpigo, wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja.

"Hii ndiyo yenyewe?" Jenerali akauliza.

"Ndiyo yenyewe," dada wa damu akasema.

Jenerali akakohoa. "Sikilizeni. Sisi siyo waoga. Lakini mjini wanasema mengi. Wanasema ukishatoa, nguvu hairudi, na sisi nguvu ndiyo ofisi yetu. Basi tumekubaliana hivi: mwenyekiti atangulie, tuone."

"Mimi nilitoa mwezi uliopita," Lifti akasema haraka. "Hairuhusiwi kabla ya miezi mitatu."

"Mwezi uliopita!" mpagazi mmoja akadakia. "Mimi napanda lifti yako kila wiki kumwona shemeji yangu. Sijawahi kuona hata kipamba kwenye mkono wako."

"Chakula kizuri, mpishi mbona hali?" Jenerali akasema, na wenzake wakaguna. Mmoja akashika kitasa. Msusi akasimama na mtoto mikononi, akamtazama Lifti. Dada wa damu akaanza kupanga mipira ya kufungia mkono iliyokwisha kupangwa.

Na mlango ukafunguka kutoka nje, akaingia mkewe.

Msusi ndiye aliyemwita, bila nia mbaya yoyote. Aliposikia wapagazi watakuwa kumi na siyo kumi na wawili, asubuhi alikwenda nyumbani kwa fundi cherehani akamwomba aje kuongeza idadi. Mkewe alikuja na futi ya kupimia bado shingoni. Alisimama pale akayasikia yote, akamwona mumewe amebanwa ukutani, akawaka.

"Hamna haya?" akawaambia wapagazi. "Mtu huyu ametoa damu yake mpaka mgongo umemharibika! Mwaka na nusu halali kitandani, mimi ndiye ninayemkanda. Na ninyi na mashingo hayo mnamhoji? Ondokeni mlangoni." Akaketi kwenye kiti, akakunja mkono wa gauni. "Dada, anza na mimi. Kwa niaba ya mume wangu."

Wapagazi wakapiga makofi. Kweli, wakapiga makofi, na yule aliyeshika kitasa akakiachia.

Sasa mtazame Lifti. Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake, na ilikuwa njia rahisi. Anyamaze tu. Mkewe atoe, wapagazi wafuate, Chiriku apone. Damu ya mkewe itapimwa baadaye huko ndani, na kama ana kitu ataambiwa kwa siri. Kama hana, hakuna atakayejua chochote hadi kufa kwao. Dada wa damu alikuwa ameshika mpira wa kufungia mkono, hajaufunga, anamtazama yeye. Na mkewe alikuwa anamtazama pia, kwa fahari. Miaka ilikuwa imepita tangu amtazame hivyo, na fahari ile ilimchoma Lifti kuliko sindano yoyote.

"Usitoe," akasema.

"Kwa nini nisitoe?"

"Mpime kwanza, dada. Mpime kwanza." Akamgeukia mkewe. "Mimi sijatoa hata siku moja. Damu yangu walinikatalia siku ya kwanza. Nina homa ya ini. Inapita kwa ndoa. Waliniambia nikulete upimwe, sikukuleta. Mgongo wangu hauna kitu."

Lifti akangoja wapagazi waondoke. Alikuwa na hakika wataondoka, na kwamba amemuua Chiriku kwa mdomo wake mwenyewe. Chiriku peke yake ndiye aliyesema, kutoka kifuani kwa mama yake, kwa pumzi fupifupi: "Babu, kwani wewe unaumwa?"

"Naumwa, Chiriku."

Jenerali akamgeukia dada wa damu. "Kwa hiyo hii damu mnaipima kwanza? Na mtu anaambiwa alicho nacho?"

"Kila mtu. Kwa siri, na hakuna malipo."

Jenerali akavua kofia. "Nina mke na watoto wanne," akasema, siyo kwa sauti yake ya sokoni. "Nipimeni." Akalala kitandani akageuzia uso ukutani ili asiione sindano. Mwingine akafuata. Hakuna aliyeondoka.

Kipimo cha mkewe kilitaka dakika ishirini. Walikaa kwenye benchi la nje, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Ukumbini watu walipita, wakamsalimu Lifti.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Siku ya kwanza ya chama."

"Na mimi nachemsha maji." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Ulimpata nani safari hii?"

"Hakuna. Naapa. Sijui nilikoutoa."

"Sijakuuliza ulikoutoa," akasema, ingawa alikuwa ameuliza. Kisha akaifungua futi shingoni, akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Dada wa damu akatoka. "Mama, wewe ni mzima. Huna kitu. Chanjo ya kwanza tunakupa leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita. Ila damu yako siwezi kuichukua leo, kwa kuwa unaishi na mwenye ugonjwa. Samahani."

Lifti akalia hapo hapo, mbele za watu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Alitaka kumshika mkono mkewe. Mkewe akausogeza.

"Usilie," akamwambia. "Nimepona kwa bahati, siyo kwa wewe. Kwa watoto wa watu ulisimamisha lifti, ukawazuia wakubwa, ukabembeleza, ukaomba. Mimi nilikuwa chumba cha pili tu." Akaingia ndani kuchomwa chanjo.

Wapagazi tisa walitoa damu. Mmoja alirudishwa kwa presha. Kesho yake Chiriku alipasuliwa, saa sita nzima juu ya meza, na siku ya nne msusi alimpigia Lifti kelele kutoka mwisho wa ukumbi, akasahau kwamba hospitalini hatupigi kelele: "Mzee! Midomo! Njoo uone midomo!" Lifti alikwenda akaiona. Ilikuwa midomo ya mtoto yeyote.

Mkewe hakuondoka nyumbani. Alipika, alishona, alimwekea miadi ya kliniki na kuhakikisha anakwenda. Kochi likabaki lake. Hakuna aliyemwambia ahame wala abaki.

Siku ya chanjo ya pili, Lifti aliwahi kazini akakipangusa kigoda na mkono wa shaba. Saa tatu akamwona mkewe anaingia mlango mkuu, na nyuma yake msusi na Chiriku, waliokuja kuonana na daktari. Lifti akafungua mlango wa vyuma wote, akasimama. Msusi akaingia, Chiriku akaingia mbio, kwa miguu yake. Mkewe aliwasalimu wote kwa adabu, akapita, akapanda ngazi.

"Babu, bibi mbona hapandi na sisi?"

Lifti alikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, yote ya uongo, yote mazuri. "Amenikasirikia," akasema.

"Umemwomba msamaha?"

"Nimemwomba."

Chiriku akafikiri. Sasa alikuwa na pumzi ya kufikiria. "Anachoka na ngazi," akasema.

Lifti akafunga mlango, akausukuma mkono kushoto. Ngazi za hospitali ile zimeizunguka lifti, ukuta mmoja tu katikati, na ukitulia unamsikia anayepanda. Alizisikia ndala za mkewe, hatua moja moja, bila haraka, zinafika ghorofa ya kwanza, zinapumzika, zinaendelea.